Mtamba wa Mzee Mahona

Mtaa wa Sokoni,
S.L.P. 90,
Bariadi, Simiyu.

11 Agosti 2024

Mpendwa kaka yangu Uledi,

Assalaam alaykum, na shikamoo kwanza, kabla hujaanza kuuliza kama nimesahau adabu. Hujambo huko Tunduma? Goti lako je, linakubali kupiga rakaa zote au bado unaswali kwenye kiti? Wifi Shifa mzima? Watoto wanasoma au wanakula tu? Najua baridi ya huko mwezi huu haina huruma, na wewe ni mtu wa kuvaa kandambili hata kwenye harusi. Nakuomba uvae soksi. Nikisikia umelazwa kwa ukaidi, sitakuja kukuuguza.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Pamba imevunwa, malori yamejaa mjini, na kila kitu kina nyuzi nyeupe juu yake, hata chai. Mwanangu Hanif hajambo, anauza vifungo na zipu hapa dukani na kulalamika. Mimi nina afya, isipokuwa macho yamezidi wekundu kwa kushona na moshi wa pasi ya mkaa. Zamani macho mekundu yalikuwa shida yangu mwenyewe, sasa yamekuwa habari ya watu.

Najua Hanif alikupigia simu akakwambia mama yake anaitwa mchawi. Nawe ukanipigia, ukaniamuru nifunge duka nihamie kwako kabla watu hawajanidhuru. Nilikwambia nitakuandikia, ukadhani nakukwepa. Sikukwepi, kaka. Kwenye simu huwa huachi mtu amalize, na tabia hiyo hukuanza leo. Barua utaisoma mpaka mwisho kwa sababu haina pa kuikatiza.

Mwaka jana nilikueleza kwamba serikali imeleta mradi wa kuwafundisha kazi vijana wa kaya maskini. Wanasoma darasani siku chache za wiki, siku zilizobaki wanapelekwa kwa mafundi mjini: wa kuchomelea geti kwa wachomeleaji, wa magari gereji, wa cherehani kwa watu kama mimi. Mradi unalipa ada na chakula cha mchana. Mwisho wa mafunzo kijana anapewa vifaa vya kazi yake na kutafutiwa pa kuanzia. Mimi nilikubali kupokea mmoja. Afisa wa mradi, kijana anaitwa Deogratias, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi, akaniletea binti wa Meatu, upande wa Bukundi. Jina lake Kwandu.

Kaka, nimefundisha wasichana wengi, lakini kama huyu sijapata. Alikuwa haongei mpaka aulizwe. Akikaa kwenye cherehani asubuhi hainuki. Unamwita kula, anasema bado. Unamwambia pumzika, anasema sijachoka. Marinda ya sketi za shule, ambayo mimi nikishona mawili natukana, yeye alikuwa anayapanga mpaka jua linazama na uso wake haubadiliki. Kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini, nikampa kile chumba cha uani akawa analala hapa hapa. Nilijisifu sokoni kwamba nimepata mwanafunzi asiyechoka. Ulimi huu, kaka, marehemu mama alisema utanichimbia shimo.

Wa kwanza kuona alikuwa Felisita, mama anayenunua pamba vijijini na kuja kuiuza huku. Ni mteja wangu wa siku nyingi. Aliingia na kitambaa chake cha kitenge, akaanza kunieleza mshono anaoutaka, kisha macho yake yakatua kwa Kwandu. Akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, hakugeuza mgongo. Kitambaa alikiacha mezani na mpaka leo hajakifuata. Nilidhani amekumbuka jiko.

Jioni nikamuuliza Kwandu kama anamfahamu yule mama. Akaniambia, taratibu kama mtu anayesoma risiti, "Ananifahamu. Alikuja kwenye msiba wangu."

Ndipo nikapata habari yote. Alipokuwa na miaka kumi na saba alikwenda na wasichana wenzake kupika kwenye machimbo ya dhahabu, mbali huko. Shimo likatitia likafunika watu, na wengine hawakutolewa. Habari iliyofika kwao ni kwamba Kwandu yumo humo chini. Kumbe alikuwa ameshaondoka siku za nyuma, amepata kazi za ndani kwa mtu, hana simu, hana habari. Kwao wakalia. Walipokosa mwili wakazika nguo zake na kata yake ya kuchotea maji, kando ya zizi. Wakanyoa nywele, msiba ukaisha. Baadaye alipopata simu ya kuazima akampigia baba yake. Baba akasikia "Baba, ni mimi Kwandu," akaiacha simu ianguke. Kesho yake ile laini haikupatikana tena. Aliambiwa kwamba mzee aliitumbukiza chooni.

Alipofika kijijini kwa miguu yake, watu wakafunga milango mchana kweupe. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Walifunga milango tu, wakasubiri aondoke. Akaondoka, akalala kwenye ghala la kanisa, na watu wa kanisa hilo ndio waliompeleka kwenye mradi.

Mimi nilicheka, kaka. Nasema kweli, nilicheka. Nikamwambia hao ni washamba, watazoea. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baada ya Felisita wakaanza kuja wengine kutoka huko, wasionunua hata kifungo. Wanasimama mlangoni, wanaangalia miguu ya Kwandu kama inagusa chini. Mmoja akamletea karanga za chumvi, akakaa kumtazama kama atazila, kwa maana huko wanasema msukule, yaani mfu aliyefichwa na mchawi amfanyie kazi, haonji chumvi. Mwingine akamwomba aseme chochote, apate kuuona ulimi wake. Nikachukua futi ya mbao nikamtoa nje. Hanif akasema mama unaongeza kuni kwenye moto.

Kilichonitisha si wao, alikuwa Kwandu mwenyewe. Nilianza kuona anaacha chumvi. Ugali na mboga anakula, lakini mboga yake anaichota kabla sijatia chumvi. Kile kioo cha wateja wanapojaribia nguo akakigeuzia ukutani, nami nikikigeuza yeye anakirudisha. Siku moja tunapasua kitambaa cha sare, akaniuliza kama mtu aliyekufa huwa anajua kwamba amekufa. Nikamwambia aache upuuzi. Akasema, "Mama, watu wote wa nyumbani hawawezi kukosea. Mimi niko peke yangu, wao ni wengi."

Nilimshika mkono nimwonyeshe kwamba una joto, na ulikuwa wa baridi. Mikono ya fundi cherehani huwa baridi, najua. Lakini nilitamani siku hiyo uwe na joto.

Mafunzo yakakaribia kwisha. Deogratias akaja na sharti: siku ya kukabidhi vifaa, kila kijana asimamiwe na mzazi au ndugu wa kwao, aseme mbele ya watu kwamba kijana huyu ni wangu na kifaa chake kitakaa nyumbani. Mwaka uliotangulia vifaa viliuzwa kabla ya wiki kwisha na vijana wasiojulikana kwao, ndiyo maana. Nikasema nitasimama mimi. Akakataa, kwa kuwa fundi haruhusiwi kumsimamia mwanafunzi wake. Asiyekuwa na mtu, nafasi yake inapewa mwingine aliye nje anasubiri. Na nafasi yenyewe ilikuwa nzuri: cherehani mpya, na kuingia kwenye kikundi cha vijana kule Kasoli kinachoshona sare za shule. Kwa binti asiye na kwao, hiyo ndiyo ingekuwa dunia yake.

Basi tukaenda Bukundi, mimi, Deogratias na Kwandu, kwa gari la mradi. Mimi nikajifanya mjuzi. Nikasema hatuendi kwa wazee wa Kisukuma mikono mitupu. Nimeuza kaniki miaka yote, kila mzee anayetoka vijijini ananunua kaniki nyeusi, anaikunja vizuri, anaondoka nayo kwa heshima. Nikakata kipande kizuri, nikamwambia Kwandu akipige pindo, tumpelekee baba yake. Hujawahi kuona mtu mwenye akili nyingi anavyopotea, kaka. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza kaniki ile wanampelekea nani.

Tulifika mchana. Kulikuwa na watoto wanacheza, na walipotuona hawakukimbia kama watoto wanavyokimbilia gari. Waliingia ndani mmoja mmoja kimya kimya. Kwandu akatembea mbele yetu akisalimia kila boma kwa Kisukuma, na hakuna aliyeitikia, ingawa tuliwaona watu kwenye vivuli vya nyumba. Wewe unawajua Wasukuma, salamu kwao ni nusu ya siku. Mtu huulizwa yeye ni wa nani na nani mpaka babu wa babu. Yule binti alisalimia mpaka sauti ikamkauka. Deogratias, aliyeanza safari akipiga mluzi, akawa anatembea karibu yangu mno.

Mama yake alitoka. Hakukimbia. Alikwenda mpaka kando ya zizi palipo na lile kaburi la nguo, akakaa chini akalia. Kaka, alilia akiwa amelielekea kaburi, na mtoto wake amesimama nyuma yake anaweza kumgusa bega. Kwandu hakumgusa.

Baba yake, Mzee Mahona, ni mtu mrefu, mkavu, mwenye heshima. Alinipokea mimi, si binti yake. Nikampa ile kaniki kwa mikono miwili, nikasema ameishona mwanao. Akaipeleka akaitandika juu ya kaburi. Baadaye sana Deogratias aliniambia mzee mmoja alivyomweleza: kaniki wanainunulia mizimu, marehemu akiidai ndotoni. Walio hai ndio humpelekea marehemu, marehemu hawaletei walio hai. Mimi nilimfanya mtoto wa watu abebe nguo ya wafu kwa mkono wake mwenyewe mpaka kwa baba yake.

Na sikuishia hapo. Mzee akaniuliza kama ni mimi niliye naye. Nikaona nafasi ya kumsifia binti. Nikasema ndiyo, yuko kwangu, analala kwangu, anafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, hachoki, hasumbui, hadai chakula. Watu walikuwa wanasikiliza milangoni. Niliona macho ya mzee yanahama kutoka kwa Kwandu yanakuja kwangu, yanatua kwenye macho yangu haya mekundu, yanakaa hapo. Alinisindikiza mpaka kwenye gari kwa adabu kubwa. Deogratias alipomtajia habari ya kusimama siku ya kukabidhi, aligeuka akarudi zizini.

Kurudi nyumbani, Kwandu akaacha kabisa kuzungumza. Alikuwa anashona tu. Nilikuwa nikikaa mbele ya duka nasikia cherehani nyuma yangu, mfululizo, na nikawa sitaki kugeuka kutazama. Nakwambia wewe kwa sababu ni ndugu yangu: nilianza kumwogopa. Nilimpenda na nikamwogopa kwa pamoja, na sijui hayo mawili yanakaaje kwenye moyo mmoja.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo Hanif alilokusimulia vibaya.

Wiki ile ya kukabidhi vifaa, asubuhi, nafungua duka namwona Mzee Mahona amekaa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha wauza matairi. Kwa mkono ameshika kamba, na mwisho wa kamba ni mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, mnene, ng'ombe ambaye Msukuma hamtoi bila sababu. Ametembea naye kutoka Meatu. Alisubiri mpaka wateja wakapungua, akavuka.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kama mama yake, na akavua kofia.

Nikaitikia. Nikamkaribisha benchi, akakataa kukaa.

"Sikuja na ugomvi," akasema. "Polisi sijawaambia, mganga sijamwendea. Nimeona ng'wanone, mtoto wangu, hajakonda, umemtunza. Wengine hawatunzi. Kwa hiyo nimesema niende mwenyewe, nimwombe kwa mwenye naye. Huyu ntamba hajazaa bado. Mpokee, unirudishie mtoto."

Damu ilinipanda. Unanijua. Nilimwambia yeye ni mzee mzima hana haya, mimi ni Mwislamu, nimefuga kuku tu maisha yangu yote, na binti yake hakuwahi kufa hata siku moja, walimuua wao kwa ujinga wao. Nilisema mengi. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Nilipomaliza akasema, "Mayu, wewe ukikataa, yeye anabaki hivyo hivyo."

Ndipo nikagundua cherehani imenyamaza. Nikageuka. Kwandu alikuwa ameshika gurudumu kwa kiganja lisizunguke. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi, kaka, kama mtu aliyefungiwa anavyomtazama mwenye ufunguo. Hapo nikajua kwamba naye alikuwa ameshaamini kuwa mimi ndiye niliyemshika.

Fikiri ungefanya nini. Nikikataa, nabaki safi mbele ya watu na mbele ya Mola wangu, na yule mtoto anabaki maiti inayoshona marinda, hana baba wa kumsimamia, hana cherehani, hana Kasoli, na hata nafsi yake mwenyewe hana. Nikikubali, nimekiri uchawi mchana, sokoni, mbele ya wauza matairi. Na mimi ni mjane mwenye macho mekundu katika nchi hii. Sikuhitaji Hanif anieleze maana yake, ingawa alikuwa ananivuta gauni kwa nyuma akininong'oneza mama usifanye, mama usifanye.

Nilipokea kamba.

Mzee akasema haitoshi, niseme kwa kinywa changu kwamba nimemwachia. Nikasema, "Nimemwachia." Astaghfirullah, midomo ilikufa ganzi nilipotamka, kama nimelamba pilipili. Nimeomba msamaha kila swala tangu siku hiyo.

Mzee Mahona akaingia, akafungua kifundo kwenye ncha ya shuka yake, akatoa chumvi ya mawe. Akamtia binti yake ulimini. Kisha akamsalimia: "Mwangaluka, ng'wanone." Akamuuliza yeye ni wa nani. Kwandu akataja, wa Mahona, na babu, na baba wa babu, wote mmoja baada ya mwingine, na mzee anaitikia kila jina. Kwandu alipofika mwisho akapiga ukelele wa kilio ambao sikuwahi kuusikia kwake mwaka mzima. Walikumbatiana juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, wakaangusha mkasi. Mimi nilitoka nje nikamshika ng'ombe.

Nikueleze jambo dogo ambalo Hanif halijui, maana yeye hatazami. Kesho yake Kwandu alichelewa kuamka. Akalalamika mgongo. Saa nne akasema ana njaa. Mchana akakosea kola, akaibandika upande, akacheka, akaniomba apumzike kidogo. Tangu siku hiyo anachoka kama mtu yeyote, na kioo cha wateja amekirudisha yeye mwenyewe. Mimi siamini mambo hayo, kaka, unajua siamini. Lakini nimekaa nikijiuliza kabla ya hapo nilikuwa nakula na nani.

Siku ya kukabidhi, uwanja ulijaa. Deogratias alipomwita Kwandu, mzee alisimama na shuka yake mpya, akasema kwa sauti ya kufika mbali kwamba huyu ni binti yake wa kumzaa, na cherehani itakaa kwake. Watu wa ofisini wakapiga makofi. Kisha akanyoosha mkono kunionyesha nilipokaa, akasema, "Wabeja, mayu, kwa kumwachia." Wa ofisini wakapiga makofi zaidi, wakidhani anamshukuru mwalimu. Waliotoka vijijini hawakupiga. Waligeuka wote wakanitazama, nami nikaangalia miguu yangu. Kwandu sasa yuko Kasoli, anashona, na mwisho wa mwezi uliopita alikwenda kwao na mama yake akampikia. Ndivyo ilivyo, na sijutii.

Mtamba yuko kwa Ngassa, jirani anayefuga nje ya mji. Hanif ameapa hatakunywa maziwa yake akizaa. Wateja wangu wa Meatu wamepotea, na wale wa mjini wananisalimia kwa adabu iliyozidi. Usiku nafunga makomeo mawili. Hofu ninayo, siwezi kukudanganya, na nilipomaliza kuzungumza nawe kwenye simu nilikuwa nimeshaanza kuhesabu majora ya vitambaa nijue yapi ya kuuza na yapi ya kuja nayo Tunduma.

Lakini Jumatano, baada ya alasiri, aliingia mama mmoja akakaa kwenye benchi la wateja. Anaitwa Wilhelmina, ametoka Ipililo, huko Maswa. Amefunga kuku miguu, amempakata kama mtoto. Alisubiri mpaka duka likabaki na sisi wawili. Akaniambia alikuwa na kijana wake, Josia, aliyependa mambo ya umeme. Aliomba kuingia kwenye mradi, nafasi zikawa zimejaa, akaambiwa asubiri awamu nyingine. Masika hayo hayo akapata homa, wakamzika. Alinieleza pole pole, akiwa anamlainisha kuku manyoya. Akasema amesikia kwamba vijana waliozikwa wengine wako kwangu, wanafundishwa kazi.

Nilielewa anakokwenda. Nikaanza kumkatiza, nimwambie ukweli, kwamba sina mtu wa mtu yeyote, na achukue kuku wake aende salama. Akaniwekea kiganja kwenye goti.

"Hapana, mayu, sikuja kumchukua," akasema. "Usimwachie bado. Nyumbani arudi afanye nini? Mwache amalize kwanza kujifunza. Nilitaka tu kujua anaendeleaje."

Kaka, ulimi huu unaoujua, uliowashinda madalali na makarani, ulitafuta neno la kweli ukalikosa. Alikuwa ananitazama, hana haraka. Nikasikia mtu anasema, na mtu huyo alikuwa mimi:

"Anaendelea vizuri."

Akashusha pumzi. Akaniambia wabeja, akamweka kuku chini ya meza, akasema atapita tena baada ya kupanda aulize amefikia wapi. Niliinama kwenye cherehani nikalia mpaka Hanif akaja kufunga duka. Kwa hiyo usinitandikie kitanda, kaka. Siwezi kuja. Yule mama akirudi akute nimefunga, nani atamwambia?

Msalimie sana wifi Shifa, umwambie kitenge chake nimekimaliza nitakituma kwa basi. Msalimie mwanao Muksini na dada yake Faudhia, na majirani wote wanaonikumbuka. Hanif anakusalimu kwa shingo upande, bado amekasirika. Niombee dua, uniombee hasa kwa lile neno nililomjibu yule mama. Mungu akupe afya, alikaze goti lako, na watoto wako awajalie kazi wangali mikononi mwako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na bado nipo,

Siwema